Bwawa, visima au mserereko: tuchague kipi kwa mji, skimu na mifugo?

Upembuzi
Wakuu, tunapanga mradi mmoja mkoani Singida. Wanyiramba wanataka maji ya vitunguu, Wabarabaig ya ng'ombe, mji mdogo unataka ya bombani. Yaliyo mezani: bwawa la udongo, visima virefu vya sola, au mserereko (maji kushuka yenyewe bombani bila pampu) kutoka chemchemi ya mlimani. Kikao wiki ijayo. Kipi bora?

FundiBomba
Bora kwa nani? Hujataja watu, ng'ombe, hekta wala mwinuko. Na chemchemi ilipimwa mwezi gani? Kipimo cha Aprili, mvua ingalipo, usikilete hapa, leta cha Oktoba.

Upembuzi
Watu 18,000, ng'ombe 6,000, skimu ya umwagiliaji hekta 120. Chemchemi iko kilomita 38, mita 140 juu ya mji. Oktoba ilitoa lita 22 kwa sekunde.

MamaSkimu
Haya, tupige hesabu. Mji, lita 60 kwa mtu: mita za ujazo 1,080 kwa siku. Ng'ombe, lita 30 kila mmoja: 180. Zao likitaka milimita 5 kwa siku, hekta inahitaji mita za ujazo 50. Mtaro wa udongo ukipoteza nusu njiani, chanzoni lazima zitoke 100. Skimu nzima 12,000. Yaani skimu inakula tisa ya kila kumi, halafu mnajadili chanzo kimoja kwa wote!
Kisima cha mita za ujazo 10 kwa saa, jua la saa 6, kinatoa 60. Mji na mifugo ni visima 21. Skimu ni 200. Sahau.

FundiBomba
Mji na mifugo wapeni mserereko. Mahitaji yao ni lita 14.6 kwa sekunde, chemchemi inabaki na 7 za mto. HDPE (bomba la plastiki ngumu) ya milimita 200 inapoteza kwa msuguano kama mita 2 za mwinuko kwa kilomita, jumla karibu mita 80, mwinuko unatosha. Ya 160 inapoteza kama 6, maji hayafiki. Ila usiku mabomba yakifungwa, mgandamizo chini unafika mita 140 za maji, na bomba la daraja la PN10 linabeba 100 tu. Jengeni tenki la kupunguza mgandamizo katikati, au sehemu ya chini iwe PN16, daraja la mita 160. Valvu za hewa kila kilele, za kutolea tope kila bonde.

Tuta
Bwawa ndilo linabeba wote. Msimu wa siku 120 skimu inataka milioni 1.44 za mita za ujazo.

MamaSkimu
Na jua je? Hekta 40 za maji zikipoteza mita 2 kwa mwaka, 800,000 zimekwenda angani. Anzeni na umwagiliaji wa matone, hitaji la skimu linashuka hadi karibu 6,700 kwa siku.

Mkaguzi
Tuta, kuna bwawa la mita 9 lilipasuka kujaa mara ya kwanza. Utoro wa maji (njia ya kupitishia maji yanayozidi) ulikuwa mzima, mvua ya kawaida. Tatizo lilikuwa bomba la kutolea maji chini ya tuta: ubavuni mwake mashine ya kushindilia haifiki, udongo ukaachwa mlegevu. Maji yakafuata bomba, yakibeba udongo kidogo kidogo. Jioni mguuni mwa tuta yalitoka meupe, hakuna aliyejali. Usiku yakageuka tope. Asubuhi tuta lilikuwa na shimo la kupita trekta.
Bomba lizungushiwe zege lenye pande za mteremko, theluthi yake ya upande maji yanakotokea iwekwe chujio la mchanga, udongo ushindiliwe kwa tabaka za sentimita 15. Kabla ya yote, dondosheni bonge la udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvua. Likitoa wingu lenyewe, msijengee bila kutibu.

Bondeni
Mmepima floraidi ya visima? Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na Singida ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa kuzidi. Na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani na mazingira, vitunguu baadaye.

Tuta
Vibali tutaviona. Mbauti za kunyweshea ng'ombe zitakaa wapi?

Mkaguzi
Mbali na bwawa, upande wa chini wa tuta, kila moja na boya lake la kufunga maji ikijaa. Ng'ombe wakinywea bwawani, kingo zinabomoka na tope linajaa.

Upembuzi
Udongo haujapimwa. Na wafugaji wanauliza: mbauti ikiwa na dira ya kupimia maji, analipa kijiji au mwenye ng'ombe?

MamaSkimu
Wa kijiji wanajulikana. Wanaopita Agosti na ng'ombe 800 mtawatoza vipi?

FundiBomba
Kwa kichwa, langoni.

Tuta
Langoni nani anahesabu usiku?