Nimerithi DT175 ya mjomba: nikae nayo au niibadilishe? Wazoefu wa tustroki naomba ushauri

Mpwa wa DT
Wakuu salaam. Mwenzenu nimeachiwa pikipiki na marehemu mjomba. Ni Yamaha DT175, tustroki (injini ya mipigo miwili), ile inayopozwa na hewa. Ilikaa bandani miaka minne chini ya turubai. Wiki iliyopita nimesafisha karabureta, nikaweka plagi mpya na petroli mpya. Tangi dogo la oili lilikuwa limefika katikati, nikaliacha hivyo. Nikapiga kiki mpaka goti likaanza kulalamika, mara ikaitika. Moshi wa bluu ulijaa banda zima, mke wangu akatoka mbio akidhani kuna kinachoungua. Lakini ule mlio jamani, reng-deng-deng! Na ile harufu! Nikajiona nina miaka minane, nimekalishwa juu ya tangi mbele ya mjomba.

Nimeizungusha jioni mbili karibu na nyumbani. Resi ikiwa chini imelala kabisa, utadhani inaumwa. Ikivuka katikati inaamka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Fostroki (ya mipigo minne) ya cc 150 niliyowahi kuwa nayo haikunifanyia hivyo hata siku moja. Jioni ya pili hata moshi ulipungua sana, nikafurahi kwamba inazidi kukaa sawa.

Sasa shida ni hii. Kazini ni kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, kila siku. Kuna jamaa anaitaka, naye ana fostroki safi, tubadilishane bila kuongezana hela. Mke yuko upande wa jamaa. Je, tustroki ni chombo cha kutegemea kila siku au ni ya kutembeza siku ya mapumziko tu? Na hizi pikipiki zina kesho, au nakumbatia maiti? Nawasilisha.

Kiki Moja
Badilisha mkuu. Usije kurudi hapa kulia na spea.

Gia ya Sita
Kiki Moja, acha kumtisha mwenzio. Kwenye tustroki vinavyolika juu ni pistoni, ringi, pini na beringi yake ndogo, basi. Valvu hamna, kamshafti hamna, cheni ya taimingi hamna. Ya kwangu ni cc 125. Bloku (silinda yake) niliivua mwenyewe sakafuni kwa spana za kawaida, na kabla ya giza kuingia nilikuwa nimeshaifunga na inaunguruma. Fanya hivyo na fostroki kama hukuishia kuita fundi.

Kuhusu ule utamu unaousema: tustroki inawaka kila kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikizunguka mara moja, fostroki inawaka kila mizunguko miwili. Usidhani basi nguvu ni mara mbili, kuna nyingi inayopotea njiani. Ila kwenye mbio za matope walipopanga madaraja, 125 ya tustroki iliwekwa pamoja na 250 ya fostroki. Hapo jaza mwenyewe.

Mpenda Hewa
Gia ya Sita, hiyo "inayopotea njiani" umeipita haraka mno. Tundu la kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli na lile la kutolea moshi yanakuwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu ya petroli mbichi inatoka na moshi kabla haijawaka. Moshi wa bluu tunauona na kuulaumu, lakini hiyo petroli isiyoonekana ndiyo iliyoziondoa tustroki barabarani. Ni hela yako pia inayotokea nyuma. Kilomita 40 kila siku, utaikumbuka fostroki ukiwa kituo cha mafuta.

Mzee wa Bloku
Mpwa, pole kwa msiba wa mjomba.

Mambo ya kubadilishana tuyaweke kando kwanza. Umeandika kwamba jioni ya pili moshi ulipungua, ukafurahi. Mimi hapo ndipo nilipopata wasiwasi. DT ina pampu ndogo ya oili inayovuta kutoka lile tangi na kuichanganya na petroli yenyewe. Nijibu jambo moja: oili kwenye lile tangi imeshuka hata kidogo tangu uanze kuiendesha?

Nauliza kwa sababu chini ya injini hii hakuna oili ya kulainishia kranki kama kwenye fostroki. Mchanganyiko wa petroli unapita kwanza kwenye kranki, chini ya pistoni, ndipo unapanda juu. Oili iliyomo humo ndiyo inayolainisha beringi, pistoni na ukuta wa silinda. Isipokuwepo, injini itaendelea kuunguruma vizuri tu na haitakupa onyo lolote, mpaka inoki, yaani pistoni igande ndani ya silinda.

Mimi ilininokia nikiwa kwenye mteremko mrefu, gia ya tatu, resi nimeifunga nikidhani natunza mafuta. Resi ikifungwa mchanganyiko hauingii, na oili haiingii. Kufika chini nikafungua ghafla, tairi la nyuma likaganda papo hapo na kuchora mstari mweusi barabarani. Kilichoniokoa ni vidole viwili vilivyokuwa juu ya klachi. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto haubanduki hapo, na kwenye mteremko nakamata klachi na kupuliza resi kidogo kidogo.

Nenda kaangalie hiyo oili. Usipige kiki.

Mpwa wa DT
Asante mzee wangu. Nimetoka bandani sasa hivi. Haijashuka. Alama ya vumbi iko palepale ilipokuwa.

Mzee wa Bloku
Nilijua. Fungua kifuniko cha pampu, fuata mpira wa oili uone unakoishia.

Kichwa Maji
Wakati mnasubiri pampu, mimi nina swali. Fundi mmoja kaniambia nikikata ekzosi ya tustroki ile sehemu iliyovimba, pikipiki inakuwa nyepesi na inakimbia zaidi. Kweli?

Gia ya Sita
Usiguse! Lile tumbo ni sehemu ya injini. Moshi ukitoka unasukuma wimbi la presha, wimbi linagonga mwisho wa tumbo na kurudi, na likirudi linairudisha ndani ile petroli mbichi anayoilalamikia Mpenda Hewa. Tatizo ni kwamba linawahi vizuri kwenye mizunguko fulani tu, ndiyo maana DT ya mpwa inalala halafu inaamka. Ukilikata itabaki kulala moja kwa moja, na kelele juu yake.

Aliyeinyoosha kazi hiyo ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 injini yake ya 125 ilikuwa ikitoa nguvu ya farasi 25, yaani 200 kwa lita moja, bila tabo. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, akatoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kwenda Suzuki na siri zote kichwani. Mwaka 1962 akaipa Suzuki ubingwa wa dunia wa 50cc. Watu wametoroka nchi na hiyo ekzosi, wewe unataka kuikata kwa msumeno!

Mpenda Hewa
Hadithi tamu, lakini mwenye uzi kauliza kesho, wewe unamjibu jana. Kwenye mbio za dunia za barabarani, Valentino Rossi ndiye bingwa wa mwisho wa tustroki za 500cc, mwaka 2001. Mwaka uliofuata fostroki za 990cc zikaingia. Msimu wa mwisho wa 250 ulikuwa 2009, wa 125 ukawa 2011. Halafu Ulaya ikaleta Euro 5, kanuni kali ya moshi, mwaka 2020. Pikipiki mpya ya barabarani ya tustroki leo ni kitu cha kutafuta kwa tochi.

Bi Plagi
Barabarani nakubali. Porini bado zipo nyingi. Kampuni ya KTM mwaka 2017 walitoa zinazopuliza petroli kwa kompyuta kwenye njia za kupandishia mchanganyiko kutoka kwenye kranki, oili inapelekwa na pampu ya umeme, hakuna kuchanganya kwa mkono. Mwaka 2023 wakahamia mfumo mwingine, unaopulizia kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Watengenezaji Beta na Sherco wapo, na pikipiki za kurukia mawe karibu zote ni tustroki, kwa sababu ya wepesi. Yamaha YZ125 na YZ250 bado zinatoka kiwandani na karabureta. Kinachozitisha mimi naona ni pikipiki za umeme, wala si fostroki.

Kwa DT hiyo kesho yake ni vipuri tu, na pistoni zake bado zinatengenezwa na viwanda vingine. Cheki pia sili za kranki, miaka minne ya kukaa huzikausha. Ukiachia resi na mizunguko ikachelewa kushuka, sili inavuta hewa. Ukiona moshi mweupe na oili ya gia inapungua, ni ile ya upande wa klachi.

Mpwa wa DT
Wakuu, mikono inanitetemeka. Mpira wa oili umeziba. Umechomekwa skrubu na kufungwa waya kwa ustadi kabisa. Kumbe mjomba aliacha kuiamini pampu, akawa anachanganya mwenyewe. Mimi nimeendesha jioni mbili na petroli tupu! Ule moshi?

Mzee wa Bloku
Ule ni oili yake ya zamani iliyobaki kwenye kranki na ekzosi. Ikaisha, moshi ukaisha. Ulikuwa unaendeshea akiba ya mjomba. Vua ekzosi, mulika tochi kwenye tundu, uutazame ubavu wa pistoni.

Mpwa wa DT
Kuna mistari miwili ya wima, myembamba kama unywele. Ringi nikizibonyeza kwa kijiti zinarudi.

Mzee wa Bloku
Pitisha ukucha. Unakwama?

Mpwa wa DT
Haukwami.

Mzee wa Bloku
Mjomba wako anakupenda. Hata hivyo vua bloku uikague yote, na pistoni iangaliwe na anayejua. Tafuta oili ya tustroki yenye alama ya ubora ya JASO FD, ya fostroki usiitie humo. Na usimimine kwa kukadiria ukidhani nyingi ndiyo salama. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti (kitundu cha karabureta) inapungua, na injini inaungua kwa njia nyingine.

Kiki Moja
Mimi nilisema abadilishe. Lakini sasa hata mimi nataka kujua.

Mpwa wa DT
Jamaa nimemwambia asubiri. Mke kacheka tu. Ndani ya kisanduku cha spana nimekuta kikopo cha plastiki chenye mstari wa kalamu. Nimepima maji mpaka kwenye mstari kwa bomba la sindano: mililita 100 kamili. Alikuwa anatia kwenye lita ngapi?

Bi Plagi
Angalia humo bandani kama kuna dumu la lita 5. Kama lipo, ni moja kwa hamsini: oili moja, petroli hamsini.

Mpwa wa DT
Lipo. Nimekuwa nikiliruka siku zote nikiingia. Limeandikwa ubavuni kwa mwandiko wake: DT TU.