Tupeane uzoefu: unafanya nini mazao yasikuozee kabla ya kufika sokoni?

Mchuma Nyanya (Ilula)
Wakuu, heshima kwenu. Mzigo unatoka Ilula ukiwa safi, ukifika Dar, zaidi ya kilomita 400, chini ya tenga ni maji matupu, wanunuzi wanaita masalo. Wengi wanalilia vyumba vya baridi. Mimi naona nyanya inakufa mapema zaidi, kabla hata fuso halijaondoka.

Nachuma umande ukishakauka, jua halijawa kali, na nachagua zile zilizoanza tu kupiga wekundu kitakoni. Nyanya ya saa nane mchana ina joto la shamba. Ukiirundika inajipika yenyewe. Zikitoka shambani moja kwa moja kwenye kibanda cha nyasi, zilizopasuka zinatengwa hapo hapo.

Halafu tenga. Fito zinakwaruza, na likipandiwa na lingine, nyanya ndizo zinazobeba uzito. Kreti ya plastiki inabeba uzito yenyewe. Shida ni kuzirudisha tupu, na dalali anataka tenga lenye lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo. Wenzangu mnafanyaje?

Babu Vitunguu (Ruaha Mbuyuni)
Kwetu kosa ni haraka ya bei. Majani yakianza kulala, funga maji wiki 2 hadi 3 ndipo ung'oe. Anika kivulini mpaka shingo inyauke kabisa, na ukikata acha kishingo cha sentimita 2 au 3. Ukikata kipara unafungulia ugonjwa mlango. Weka kwenye kichanja, upepo upite chini. Viroba visivyopitisha hewa sahau.

Mama Genge
Mimi ni wa rejareja. Ndizi mbivu na mapapai siweki karibu na mchicha wala matango. Tunda linaloiva linatoa gesi, ethilini, inayofanya mboga ziwe njano haraka. Na nyanya ambayo haijaiva msiiweke kwenye friji! Chini ya nyuzi 10 inaumia, ukiitoa haiivi vizuri tena na ladha imeondoka.

Mkazi wa Dodoma
Nina kijumba cha tofali kisichotumia umeme, ujuzi uliotoka India. Kuta mbili, katikati mchanga, unamwagia maji asubuhi na jioni, juu kifuniko cha nyasi. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Mchicha wangu unaamka ukiwa umesimama.

Mtu wa Pwani
@Mkazi wa Dodoma, hicho Tanga tulijenga, hakuna kitu. Hewa yetu imeshiba unyevu, maji hayakauki.

Mkazi wa Dodoma
Kweli mkuu, kinataka ukame. Huko bora kivuli na kuuza mapema.

Mtu wa Pwani
Kwa maembe basi: chuma na kikonyo, usitingishe mti. Kikate ukifika kivulini, embe likiwa limeinamishwa, utomvu udondoke chini. Ukimwagikia ganda unaliunguza, linakuwa na madoa meusi na mnunuzi anashusha bei.

Dereva wa Fuso
Kuhusu kreti, mtoa mada: wapo wakulima wanaopakia pamoja, kila mmoja na rangi yake pembeni. Wanalipia kreti tupu palepale wanapolipia mzigo, tunarudi nazo tukipanda. Peke yako na kreti chache hakuna dereva atakayekusubiri. Na turubai msilikaze mpaka chini, mzigo unahitaji kupumua njia nzima.

Mchuma Nyanya (Ilula)
Dereva, kreti zikilaliana tupu unachaji kwa kreti au kwa nafasi?

Dereva wa Fuso
Kwa nafasi. Nunua zile zinazoingiana.