Hawa jamaa wa katuni za watoto wamenidhalilisha mbele ya mama mkwe!!!

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na mwingine. Nina hasira, ugali wenyewe haujashuka.

Hawa jamaa mnawajua. Wale wale wa "salama kwa watoto", wenye tembo anayeimba namba. Mama mkwe katushukia toka Bukoba, mzee wa kanisa, hata ukitaja bia anafumba macho. Tuko mezani, anaombea chakula. Kimya. Kafika "Ee Baba tunakushukuru", mwanangu wa miaka minne kamnyooshea mkono: "Bibi, weka jero, upige mamilioni!"

KATIKATI YA SALA. KWA BIBI.

Na sauti ni ile ile ya tangazo la kubeti, mpaka kile kicheko cha mwisho. Bibi akafumbua jicho moja. Hakumwangalia mtoto, kaniangalia mimi! Sasa hivi anaamini mahari ya binti yake niliilipa kwa hela ya mkeka wa kubeti.

Nikaenda kukagua hizo katuni kwenye simu. Tembo anahesabu moja, mbili, tatu, kabla ya nne linaingia tangazo la kubeti. Mtoto ndiyo kashika hivyo: "moja, mbili, tatu, jero, tano". Mwalimu wa chekechea kakata tamaa. Nimeripoti, nikajibiwa kwa Kiingereza kwamba tangazo halijavunja masharti yao. Yao! TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, mko wapi? Mwaka 2018 mlikimbizana na wenye blogu wakate leseni, hadi dada wa mapishi ya vitumbua akafunga yake, hawa wanaoingia hadi kwenye sala hamuwaoni?

"Weka jero." Kwa mzee wa kanisa. Nawasilisha.

Kidume wa Mbagala: Moja, mbili, tatu, jero 😂😂😂 nimemwaga chai

Mtaalamu Nyuzi: Mkuu, matangazo mengi yanamfuata mwenye simu, kwa anavyovipenda. Na simu ni yako. Mama mkwe kaangalia panapostahili.

Mleta uzi: Usitoke nje ya mada.

Kidume wa Mbagala: Mkeka wa leo una timu ngapi baba?

Binti Simba: Mnacheka, ila wenzetu hawachekeani na hawa watu. 2019 Marekani iliwalima Google na YouTube faini ya dola milioni 170, walikusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. Australia tangu Desemba 10, 2025 wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Sisi tunasubiri nini?

Mzee Kikotoo: Tunasubiri bando. Jana nimeweka GB 1, nimefungua picha mbili za mjukuu, kwisha. Hilo ndilo TCRA waanze nalo.

Mleta uzi: Mzee, mimi naongelea SALA

Mama Wawili: Afadhali yako jero. Wangu anaongea Kiingereza cha katuni, bibi yake Tandahimba anatafuta mkalimani. Na shule nayo inatuma kazi za nyumbani kwa video, saa nne usiku, kwenye grupu! Ukiuliza unaambiwa mzazi hujali elimu.

Mzee Kikotoo: Hizo video ndizo zinazokula bando.

Fundi Antena: Wawekeeni Ubongo Kids. Toka 2014 ilianza TBC, hisabati kwa Kiswahili, hakuna mkeka. Mnalialia bure.

Mama Wawili: TBC ipi? Changu mvua ikinyunya tu hakuna picha

Fundi Antena: Dishi limeyumba hilo. Uko wapi?

Mama Wawili: Goba. Kupanda juu ya bati shilingi ngapi?

Mleta uzi: Jamani, mama mkwe bado yupo sebuleni!

Mzee Kikotoo: Fundi, ukitoka Goba pitia na kwangu Madale, remote haishiki.

Fundi Antena: Elfu ishirini na nauli. Betri ya remote umebadilisha?