Mechi za kirafiki za Januari zinasema ukweli? Mtoto wangu ni huka

BABAKE HUKA
Wenzangu, habari za jioni. Nina duka la unga na mahindi viungani mwa Kakamega, na raga nimeijua uzeeni kwa sababu ya mtoto. Ujanani nilicheza kandanda, beki wa kulia, kwa hiyo msinicheke nikikosea majina.

Kijana yuko Fomu 3, shule ya bweni. Mwaka jana alikuwa akikimbia pembeni mwa skramu, pale wazito wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira; mwaka huu mwalimu amemweka katikati ya mstari wa mbele, namba 2, ndiyo huyo huka. Tangu shule zifunguliwe wamecheza mechi 3 za kirafiki. Nimeziandika ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni, maana simu yangu hupoteza vitu.

Jumamosi ya kwanza, nyumbani: tulishinda 31–5.
Ya pili, ugenini: 12–12.
Ya tatu, ugenini: tulifungwa 0–26. Hii nilikwenda mwenyewe.

Ukizisoma hivyo zilivyofuatana, ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mechi za kaunti ndogo haziko mbali. Je, hizi za kirafiki zinaonyesha kitu, au najisumbua bure? Tena nauliza kwa sababu nimeonyeshwa njumu za mitumba za raga kwa 1,800, zile zenye meno marefu ya chuma, na mama yake anasema tungoje kwanza tuone kama timu itafika popote.

JEZI 14
Mzee, lala usingizi. Januari hakuna kombe. Januari ni ya kutoa chapati za Krismasi mwilini. Mwaka wetu tulipigwa zaidi ya 40 katika mechi ya kirafiki, winga wao akatukimbia mpaka mwalimu wetu akageuka akaangalia miti. Machi tukakutana nao nusu fainali ya kaunti tukawatoa. Nunua njumu.

MWALIMU MSTAAFU WA MSTARI WA MBELE
Jezi 14 amesema kweli, ila nusu. Matokeo ya Januari hayana maana, lakini mechi yenyewe ina maana kubwa kwa anayejua mahali pa kutazama. Mawinga kama yeye hawapajui, husimama mbali mno.

Babake Huka, nimefundisha raga shuleni miaka mingi, na mtu akiniletea alama za Januari bila maelezo huwa namrudishia. Niambie mambo matatu. Mliocheza nao wiki ya kwanza walikuwa akina nani? Hiyo ya 0–26 ilianza saa ngapi? Na tatu, kuna mtu yeyote wa mstari wa mbele aliyetoka?

BABAKE HUKA
Asante mwalimu. Wale wa kwanza ni shule ya kutwa ya jirani, na niliambiwa nusu ya timu yao ilikuwa watoto wa Gredi 10, wageni wa mwaka huu. Mmoja, nasikia, alikuwa akishika mpira kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.

Ya 0–26 ilianza saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi tupu, mtu akiangushwa unasikia mlio wa mifupa.

Hilo la tatu limenishangaza ulivyojua. Dakika ya 10 hivi, kijana mmoja mnene wa upande wetu, yule anayesimama kushoto kwa mwanangu, alitoka ameshika bega. Mwamuzi akaongea na walimu wa pande zote mbili. Baada ya hapo skramu zikawa za kushikana tu, hakuna kusukumana, mpira unaingizwa unatolewa. Nilidhani wamekubaliana kwa sababu ya joto.

MWALIMU MSTAAFU WA MSTARI WA MBELE
Basi mechi yako iko hapo, Babake Huka. Hizo nyingine ni alama za kwenye daftari.

Mstari wa mbele una watu 3: propu wawili, na huka katikati, ndiye mwanao. Hawa wanabeba uzito wa skramu kwa shingo na mabega. Sheria inakataza kumweka hapo mtu asiyefundishwa kazi hiyo, kwa sababu skramu ikiporomoka shingo ya mtoto iko hatarini. Kwa hiyo propu akiumia na benchi halina propu mwingine aliyefundishwa, mwamuzi anaamuru skramu zisizo na kusukumana. Anayeingiza mpira ndiye anayeupata, basi. Hawakukubaliana kwa sababu ya joto.

Sasa jiulize hiyo inamuumiza nani. Ikiwa timu ya mwanao imejengwa juu ya mafowadi wazito, yaani watu wa skramu, na mwalimu anayemtoa kijana pembeni kumpeleka katikati anaonekana kupika kitu cha namna hiyo, basi dakika ya 10 walipokonywa jembe wakaambiwa walime kwa mikono. Wenzao wenye mabeki wepesi, wakimbiaji wa nyuma ya skramu, wakapata mpira safi, uwanja mkavu, jua kali. Hapo 26 si nyingi. Hata kusukuma kwenyewe kuna mpaka kwa vijana: chini ya miaka 19 hamruhusiwi kusukuma skramu zaidi ya mita 1.5. Lakini mita hiyo na nusu inamchosha mtu kuliko mbio za uwanja mzima, na flanka, yule wa pembeni mwa skramu, akibanwa pale hawezi kuwahi kumkaba namba 10 wao, mpangaji wa mashambulizi.

Kwa hiyo kinachonitisha mimi si 0–26. Ni kwamba timu ya bweni imesafiri na propu 2 tu.

Na hapa niseme jambo ambalo mashabiki wa mtandaoni hawalitaji wanapopanga nani atachukua nini mwaka huu. Hesabuni madarasa. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023. Fomu 1 wa mwisho wakaingia 2024, nao ndio hawa Fomu 3 wa leo, akiwemo huka wetu. Mwaka 2025 hakuna mtoto mpya hata mmoja aliyeingia sekondari, kwa sababu chini ya mfumo mpya wa elimu wenzao walikuwa Gredi 9 huko shule za msingi. Januari 2026 ndipo Gredi 10 wa kwanza wamefika. Fomu 2 hakuna. Shule ina Gredi 10, Fomu 3 na Fomu 4.

Zamani mtoto alikuja Fomu 1 mwembamba, haogopi kuchekwa. Mwaka mzima anabeba maji, anakusanya mipira, anasukuma ile mashine ya skramu jioni hadi anaota sugu masikioni. Akifika Fomu 2 mwili unamkuta ameshajua namna ya kuanguka. Gredi 10 anakuja na mwili wa Fomu 2 na mikono ya Fomu 1. Ni mrefu, ana mabega, mwalimu anamtamani. Lakini wengi wao hawajawahi kuushika mpira wa raga, na huyu ukimweka propu mwezi wa kwanza unacheza na shingo yake. Tena nilikuwa na miaka 4 ya kumpika propu. Mfumo mpya unanipa 3.

Ndiyo maana mwaka huu benchi ni fupi karibu kila shule. Atakayemaliza muhula na propu 4 wazima atafika mbali kuliko mwenye winga wa umeme.

Pole Jezi 14.

JEZI 14
😂 Nimepokea, mwalimu. Lakini winga ndiye aliyefunga trai, ndiye aliyeuweka mpira chini nyuma ya mstari wao.

NAMBA 8 WA JIJI
Mwalimu naheshimu, ila hilo la Gredi 10 halitawagusa wakubwa. Shule kama Upper Hill, Kakamega, Menengai, All Saints Embu, zina utamaduni. Nairobi School na Lenana zilikuwa zikicheza raga zikiitwa Prince of Wales na Duke of York. Mtoto anafika tu anamezwa na mfumo. Na huku Nairobi mtu anapata mechi kali za mapema, matamasha ya raga kama Blackrock pale shule ya St. Mary's, sio kupigana na shule ya kutwa ya jirani.

MWALIMU MSTAAFU WA MSTARI WA MBELE
Namba 8, utamaduni hausukumi skramu. Utamaduni unaleta wazee wa zamani uwanjani na kofia zao, wanapiga kelele vizuri sana. Nakukubalia moja tu: shule yenye jina inapata walimu 2 au 3 wa raga, na mmoja anaweza kukaa na Gredi 10 peke yao. Shule ya huka wetu pengine ina mwalimu mmoja, naye anafundisha Kemia mpaka saa kumi.

Halafu hizo mechi kali za mapema zina bei yake. Raga ya wachezaji 15 ni ya muhula wa kwanza, kutoka kaunti ndogo hadi taifa. Muhula wa pili ni ya 7. Nimewaona watoto waliong'aa Januari wakafika Machi na bandeji kila kiungo. Na Machi huku kwetu mvua imerudi. Uwanja uliokuwa vumbi unakuwa ugali. Mpira mzito, pasi ndefu hazifiki, mabeki wanabaki wanapuliza vidole. Hapo ndipo mafowadi wanalipwa mshahara wao wa Januari.

Babake Huka, kwa hiyo njumu: kwenye ardhi ya sasa, meno marefu ya chuma yatamuumiza nyayo. Ila kwenye tope ya Machi, huka bila meno ni ng'ombe kwenye barafu. Shika mguu wa njumu uangalie kama meno yanafunguka. Yakifunguka, nunua, aanze na mafupi. Yakiwa na ncha kali iliyolika, acha, mwamuzi atayakataa.

MUUGUZI WA ZAMU YA USIKU
Samahani naingilia mazungumzo ya wanaume. Nina kaka yangu aliyecheza. Wazazi mnauliza alama na njumu, hamuulizi nani amesimama pembeni na begi la huduma ya kwanza. Mechi moja ya shule niliyohudhuria mtoto aligongwa kichwa, akainuka akaelekea upande wa wapinzani wake, watu wakacheka. Mwalimu akamwagia maji, akarudishwa kucheza. Niliingia uwanjani na sare yangu ya kazi nikamtoa mimi, nikatukanwa.

Mtoto akigongwa kichwa akaonekana hajielewi hata kidogo, anatoka, na harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Atasema yuko sawa. Wote husema. Babake Huka, kinga ya meno anayo?

BABAKE HUKA
Dada, hakuna mazungumzo ya wanaume hapa, na umenigusa pabaya. Hana. Anatumia ya rafiki yake wanabadilishana. Kesho nakwenda mjini.

MUUGUZI WA ZAMU YA USIKU
Wanabadilishana!! Mnunulie yake. Ile ya kuchemsha kwenye maji moto inayoshika umbo la meno.

MWALIMU MSTAAFU WA MSTARI WA MBELE
Msikilize muuguzi kabla yangu. Na Jumamosi ukienda, usiandike alama. Andika hivi. Kwenye lainiauti, yaani mpira uliotoka nje unaporushwa kati ya mistari miwili ya wachezaji, mwanao ndiye anayerusha. Hesabu amerusha mara ngapi na mara ngapi mpira umeshikwa na mtu wenu. Kwenye skramu, mtazame mgongo wake: ukiwa umenyooka kama meza, mwalimu anafanya kazi yake, ukipinda kama upinde, nenda ukaongee na mwalimu kwa upole, bila watu. Na dakika 10 za mwisho, hesabu wanaokabana wangapi wanatumia bega na wangapi wananyoosha mkono tu. Hapo ndipo utajua kama timu ina mapafu.

BABAKE HUKA
Nimerudi wenzangu. Jumamosi ilikuwa nyumbani, na wale wale wa 12–12.

Nimeandika kama nilivyoelekezwa. Lainiauti alizorusha yeye ni 11. Zetu 7. Mbili zilikwenda upande, mwamuzi akapuliza. Mbili walituibia, na zote mbili alimrushia kijana yule yule mrefu, mpaka mimi beki wa kulia nikajua mpira unakwenda wapi. Mgongo: meza. Nilisimama karibu kabisa na mstari, nikaona jasho linavyomdondoka kutoka kidevuni kwenye nyasi kabla hawajashikana, na alipofunga mikono kwa propu wake alikunja ngumi ya jezi mpaka ikachanika kwapani. Mama yake atashona.

Propu walikuwa 3. Wa tatu ni Gredi 10, mkubwa kama kabati. Mwalimu hakumwingiza. Alimweka pembeni akimwonyesha kwa kidole kila skramu, na mtoto anainama peke yake kwenye hewa, anajifunza kusukuma kitu ambacho hakipo.

Dakika 10 za mwisho sikuhesabu. Kulitokea trai karibu na kona na nikaangusha kalamu. Alama sikuziandika, kama ulivyosema, ingawa nazijua na nimezirudia njia nzima.

Njumu nimechukua, meno yanafunguka. Muuzaji amekubali 1,500. Sasa nina shida nyingine: ukurasa wa lainiauti umeangukia upande wa mama mmoja anayedaiwa kilo 7 za unga, na leo asubuhi nimemsomea deni la kilo 11.