Mbio za farasi Chester na pauni 60: nianzie wapi?

Mwana wa Barabara ya Ngong

Wakuu, habari zenu. Jumamosi tunatoka Manchester watu wanne kwenda Chester. Kadi, yaani ratiba ya mbio za siku, ina mbio saba. Ya pili ni ya falongi 5, na ya nne ni handikapu (farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) ya farasi 16. Mikeka ya mpira naijua, na uwanja wa Ngong, Nairobi, nimezoea kutazama tu. Safari hii nimetenga pauni 60 za kubeti, zikiisha zimeisha.

Kwa anayeujua uwanja ule: habari za geti, yaani kibanda anachoanzia farasi, zina ukweli kiasi gani? Niende kwa mabukimeka (wapokea madau) wa mbao au nibeti kwenye mfuko wa pamoja? Each-way inalipa lini? Na nini humla mgeni pesa bila yeye kujua? Naomba hesabu, si "bahati njema".

---

Uzio wa Ndani

Nianze na geti, maana kuna viwanja vichache sana Uingereza ambako lina uzito kama Chester. Ule ni mduara mdogo, zaidi kidogo ya maili moja kuuzunguka. Farasi wanapinda kushoto karibu muda wote, na sehemu iliyonyooka ya mwisho haifiki mita 250. Kwenye falongi 5, ambazo ni kama mita elfu moja, farasi wa geti la 1 hadi la 4 anaweza kushika uzio wa ndani mapema kabisa. Wa geti la 10 itabidi achome nguvu kuwapita wote kabla ya kona, au azunguke kwa nje na kukimbia umbali mrefu kuliko wenzake. Kona ya mwisho ikiisha hana tena nafasi ya kufidia.

Sasa, hili kila mtu analijua, na mabukimeka ndio wa kwanza. Odi ya geti la 1 imeshabanwa kabla hujafika. Kwa hiyo usibeti geti peke yake. Tafuta geti la chini pamoja na farasi anayetoka kwa kasi. Soma maelezo ya mbio zake tatu au nne zilizopita: aliongoza, alikuwa karibu na wa mbele, au alitoka kwa kuchelewa na kushikiliwa nyuma? Huyo wa mwisho akipewa geti la 1 ni mtego mtupu. Wenzake wanamfunika, anabanwa kwenye uzio, na joki (mpanda farasi) hana njia ya kupita mpaka mbio ziishe.

Asubuhi angalia waliojitoa. Wa geti la 1 na la 3 wakiondolewa, wa geti la 5 ni kama amepewa la 3. Odi za usiku uliopita hazikuwa zimelihesabu hilo.

Kwenye falongi 7 geti bado lina nguvu. Ukipita maili moja na robo, linapungua, na kwenye mbio ndefu angalia zaidi pumzi ya farasi na kama ameshawahi kuziweza kona kali. Kwenye kadi, herufi C kando ya jina la farasi inaonyesha ameshashinda uwanja huo, D ameshashinda umbali huo, CD vyote viwili kwa pamoja. Uwanja wa ajabu kama Chester, C naithamini kuliko mahali pengine.

Na tafadhali: namba ya farasi na namba ya geti ni vitu viwili. Bukimeka anaandika namba ya farasi. Wageni wengi husema "nipe namba 2" wakimaanisha geti la 2, wakaondoka na tiketi ya farasi mwingine kabisa.

---

Mama Mahesabu

Kaka, kabla ya kuchagua farasi jifunze kupima ubao wa odi wa bukimeka. Odi ya 4/1 maana yake pauni 1 inakupa faida ya pauni 4, na dau lako linarudi. Ukitaka asilimia, zidisha namba ya pili kwa 100, kisha gawa kwa jumla ya namba mbili: 4/1 ni 100 kwa 5, yaani asilimia 20. Fanya hivyo kwa farasi wote, kisha jumlisha.

Chukua ubao wa farasi wanane: 9/4, 7/2, 5/1, 6/1, 8/1, 12/1, 16/1 na 20/1. Asilimia zake ni 30.8, 22.2, 16.7, 14.3, 11.1, 7.7, 5.9 na 4.8. Jumla 113.5. Hiyo 13.5 iliyozidi mia ndiyo chakula cha bukimeka. Akipokea pesa kwa uwiano wa ubao wake, katika kila pauni 113.50 anarudisha 100, sawa na kubakiza karibu asilimia 12. Ubao wa jumla ya 110 ni nafuu. Ukiona 125 kwa farasi wanane, pita.

Kizuri cha ringi, eneo la mabukimeka uwanjani, ni kwamba wamepangana mstari mmoja na hawalingani. Mmoja ana 7/1, wa tatu kutoka kwake ana 8/1 kwa farasi yuleyule. Kwa dau la pauni 10 hiyo ni tofauti ya pauni 10 nzima, na gharama yake ni kutembea hatua ishirini. Mbao huchangamka mbio iliyotangulia ikiisha, na dakika tano za mwisho ndipo odi hucheza zaidi. Odi uliyopewa inaandikwa kwenye tiketi na haibadiliki hata ubao ukishuka. Taja dau, aina, namba ya farasi, kwa mpangilio huo, halafu soma tiketi hapohapo kabla hujageuza mgongo. Baada ya mbio kuanza hakuna wa kukusikiliza.

Mfuko wa pamoja ni kinyume chake. Pesa zote zinaingia chungu kimoja, mwendeshaji anakata fungu lake, kinachobaki wanagawana walioshinda. Hujui utalipwa ngapi mpaka mbio ziishe. Kwa farasi anayependwa na wengi, ringi mara nyingi ni bora. Kwa farasi asiye na jina, mfuko wakati mwingine unalipa zaidi ya ubao, kwa sababu watu wa familia waliokuja kula na kunywa hawakumgusa.

Each-way. Ni madau mawili: moja ashinde, moja aingie nafasi za mbele, na hili la pili hulipwa sehemu tu ya odi. Ukisema pauni 5 each-way unatoa 10, na hapo ndipo wageni hushtuka. Masharti ya kawaida ni haya: farasi 2 hadi 4, ushindi pekee, 5 hadi 7, nafasi mbili kwa robo ya odi, 8 na zaidi, nafasi tatu kwa moja ya tano, handikapu ya 12 hadi 15, nafasi tatu kwa robo, handikapu ya 16 na zaidi, nafasi nne kwa robo. Lakini kwenye ringi soma ubao wa bukimeka mwenyewe, maana wengine wana masharti yao na wameyaandika pale.

Mfano: pauni 5 each-way kwa 8/1, moja ya tano. Akishinda unapokea 45 za ushindi na 13 za nafasi, jumla 58. Akiwa wa tatu unapokea 13 tu, faida pauni 3. Kwa 4/1 akiwa wa tatu unapokea 9, umepoteza pauni moja huku unashangilia. Kwa moja ya tano, 5/1 ndiyo mstari wa kurudisha pesa yako. Kwa robo ni 4/1. Chini ya hapo weka ushindi mtupu au usiweke kabisa.

Ile handikapu yako ya 16 ndiyo mahali pa each-way. Farasi wa 12/1 akiwa wa nne, pauni 5 za nafasi zinarudi 20.

---

Mkeka Haujachanika

Nakubaliana na Mama Mahesabu karibu yote, ila kwa pauni 60, na watu wanne wanaotaka kufurahia siku nzima, mmeisahau Placepot. Ni ya Tote, mwendeshaji wa mfuko wa pamoja: unachagua farasi wa kuingia nafasi katika mbio sita za kwanza, na wote sita lazima wafike. Nafasi zinahesabiwa hivi: farasi wasiozidi wanne, lazima ashinde; 5 hadi 7, wawili wa kwanza; 8 na zaidi, watatu; handikapu ya 16 na zaidi, wanne.

Ukiweka farasi wawili katika mbio tatu ngumu na mmoja katika tatu zilizobaki, ni 2×2×2, mistari 8. Kwa pauni 1 mstari, pauni 8. Farasi wako akijitoa unahamishiwa kwa yule anayependwa zaidi wakati wa kuanza. Si kila uwanja una madirisha ya Tote, kwa hiyo fungua akaunti ya simu siku moja kabla, maana wanahakiki kitambulisho na hilo halifanyiki foleni ikiwa imeshasimama.

Mpango wangu wa pauni 60: 8 za Placepot, 40 kwa mbio nne za pauni 10, na 12 zibaki mfukoni. Mbio tatu tazama tu. Kubeti zote saba maana yake ni kulipa ile asilimia 12 mara saba.

---

Mama Mahesabu

Placepot ni mkeka uliovaa suti. Mtu anaweza kupata tano kati ya sita na asiambulie senti. Lakini kwa pauni 8 mkigawana watu wanne sina ugomvi.

---

Uzio wa Ndani

Kuhusu mbio nne za kuchagua: ruka ya farasi wa miaka miwili wasiowahi kukimbia, hakuna cha kusoma pale. Rekodi husomwa kutoka kushoto, tarakimu ya mwisho kulia ndiyo mbio ya karibuni. Sifuri ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi, kistari kinatenganisha misimu. Katika handikapu angalia kama joki ni mwanagenzi: farasi wake anapunguziwa uzito wa ratili 7 mpaka joki huyo ashinde mara 20, kisha 5 mpaka 50, kisha 3 mpaka 95. Kwa falongi 5, ratili 3 hukadiriwa kuwa sawa na urefu wa farasi mmoja. Mwanagenzi mzuri mwenye ratili 5 za bure kwenye geti la 2, hapo nasimama nisome vizuri.

Mvua ikinyesha usiku, soma hali ya ardhi asubuhi na uone kama uzio wa ndani umesogezwa. Ukisogezwa nje, umbali unaongezeka, na hutangazwa kwa yadi.

---

Mwana wa Barabara ya Ngong

Asanteni sana, nimeandika. Moja bado: mbio ya tano ina farasi wanane kamili. Nikishabeti each-way, mmoja akakataa kuingia getini, itakuwaje?

---

Mama Mahesabu

Umegusa penyewe. Wanane wakiwa saba, nafasi ya tatu inakufa. Inabaki nafasi mbili kwa robo ya odi, hata kama tiketi ulishaipata. Ndiyo maana each-way kwenye mbio ya wanane kamili hufanywa kwa kuchelewa, farasi wakiwa wanazunguka nyuma ya geti, na hata hapo mmoja anaweza kugoma.

Kuna na Kanuni ya 4. Farasi akiondolewa baada ya wewe kubeti, faida yako inakatwa kulingana na odi yake. Aliyeondolewa akiwa kati ya 15/8 na 9/4, makato ni peni 30 kwa kila pauni ya faida. Kati ya 5/2 na 3/1 ni 25, kati ya 6/1 na 9/1 ni 10, kati ya 10/1 na 14/1 ni 5. Zaidi ya 14/1 hakuna makato. Mfano: pauni 10 kwa 8/1, na wa 2/1 akaondolewa. Faida ya 80 inakuwa 56, pamoja na dau lako ni 66. Bukimeka hajakuibia. Aliyebeti baada ya ubao kufutwa na kuandikwa upya hakatwi, lakini odi alizozikuta ni ndogo.

Wakifungana wawili kwa ushindi, dau linagawanywa nusu: pauni 10 kwa 6/1 inalipa kama pauni 5, unapokea 35. Kodi ya ushindi Uingereza mbetaji hatozwi.

---

Mkeka Haujachanika

Nyongeza ya tiketi. Usiitupe farasi wako akimaliza wa pili. Subiri kipaza sauti kitangaze "weighed in", yaani majoki wamepimwa na matokeo ni rasmi. Kukiwa na uchunguzi wa wasimamizi, wa pili anaweza kupandishwa kabla ya hapo. Baada ya tangazo hilo, hata farasi akifutiwa ushindi wiki ijayo, malipo ya madau hayabadiliki.

Beba taslimu pamoja na kadi ya benki, si kila bukimeka anapokea zote mbili. Kariri jina lililo juu ya ubao na mahali aliposimama, maana tiketi inalipwa na yeye tu, si jirani yake. Kama umebeti mbio ya saba, msikimbilie treni kabla ya tangazo. Wakishakunja mbao, itabidi umtafute kwa jina lililochapwa kwenye tiketi, na kesho anaweza kuwa uwanja wa mji mwingine.