"Grasp" kwa Kijerumani: begreifen, fassen au erfassen?

BintiPangani:
Ndugu zangu, naomba msaada. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza kwenda Kijerumani na nimekwama kwenye kitenzi "grasp". Kimetumika mara tatu. Kwanza mama anaukamata mkono wa daktari. Kisha anaambiwa mwanawe amefariki, na habari hiyo haimwingii. Mwishoni binti mdogo anaelewa yote papo hapo. Ningependa neno moja lirudi kote, maana naona mwandishi amelirudia makusudi.

MkalimaniTanga:
Neno moja halitatosha, dada. Kwa mkono weka ergreifen: "Sie ergriff die Hand des Arztes." Kwa binti weka erfassen, ndilo linalonasa jambo zima kwa mara moja. Lakini liangalie, maana hilohilo hutumika kwa kukusanya takwimu, na hata gari likimgonga mtu husemwa "vom Auto erfasst".

ShangaziBremen:
Pagumu ni hapo kwenye msiba. "Sie konnte es nicht fassen" ni mtu aliyepigwa na butwaa, anajua ila haamini. Watu hulisema hata kwa furaha, mtu akishinda bahati nasibu: "Ich kann es nicht fassen!" Ukisema "Sie konnte es nicht begreifen", habari yenyewe haijamkaa akilini, na huenda isimkae kwa miaka. Nimezika watu huku na nimeyasikia yote mawili. Kwa mama huyu mimi ningeweka begreifen. Verstehen, yaani kuelewa kwa kawaida, usiliguse hapo, litamfanya aonekane hakuelewa maneno ya daktari.

BintiPangani:
Basi kule kurudiarudia kwa mwandishi ndiyo kumepotea?

MkalimaniTanga:
Hapana. Greifen, yaani kushika, limo ndani ya ergreifen na ndani ya begreifen, Mjerumani analisikia. Hata Begriff, yaani dhana, limetoka humohumo. Nasi si twasema mwanafunzi hashiki somo, na mkono nao unashika? Linalokaa nje ni erfassen langu tu.

ShangaziBremen:
Basi liache. "Die Kleine begriff sofort", yaani mtoto alielewa papo hapo, ni Kijerumani safi kabisa. Mama ameshindwa begreifen, mtoto ameweza, na msomaji ataliona neno ni lilelile.

BintiPangani:
Ergreifen, begreifen, begreifen. Nimesoma ukurasa wote kwa sauti na umekaa. Shangazi, nashukuru sana, nawe pia kaka.