Naomba ushauri: je, tuache alizeti tupande mbono wa mafuta ya ndege?

Mkulima wa Kibaigwa
Wanajamvi, salaam. Kikundi chetu hapa Kongwa kimefuatwa na mnunuzi anayetaka tuache alizeti kwenye ekari 40 na kupanda mbono kaburi (jatropha) kwa mkataba wa miaka mitano, akieleza kwamba ndege za Ulaya sasa zinalazimika kutumia mafuta yasiyochimbwa ardhini, na kwamba mmea huu hauhitaji mvua nyingi. Wazee wanasita, vijana wanaouona uwanja wa ndege wa Msalato ukijengwa wanataka tusaini. Je, soko lipo kweli, na mazingira yananufaika kama anavyodai?

Fundi Injini
Ndugu, soko lipo. Tangu 2025 wanaosambaza mafuta katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa kuchanganya angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu, yaani hayo yasiyochimbwa ardhini, kiwango kitakachofika asilimia 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050. Mbono nao ulishajaribiwa: Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha Boeing 747 ambayo injini yake moja ilitumia mchanganyiko wa nusu mafuta ya mbono na nusu mafuta ya kawaida ya ndege, na baadhi ya mbegu zilitoka Tanzania.

Kuhusu mazingira, tuelewane. Kilo moja ya mafuta ya taa ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za kaboni dioksidi, na mafuta ya mbono hutoa karibu kiasi hichohicho. Nafuu yake ni kwamba kaboni hiyo mmea uliivuta hewani ulipokuwa unakua. Mkifyeka pori ili kupanua shamba, hesabu inavurugika, kwa sababu kaboni ya miti na udongo inatoka kabla hamjavuna hata debe moja.

Mama Mashudu
Mwanangu, hilo la kutohitaji mvua ndilo lililowaponza wengi. Kwa mvua yetu ya msimu mmoja mbono hautakufa, lakini usitegemee mavuno ya kulipa gharama. Tena mashudu yake yana sumu, wakati alizeti inatupa mafuta ya kupikia na chakula cha mifugo (mimi nafuga, kwa hiyo nina upendeleo). Kule Kisarawe vijiji viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mbono. Mradi ukasimama 2011, wanakijiji wakabaki kuidai ardhi yao. Muulizeni kwanza: anakodi ardhi au ananunua mbegu? Kama anataka ardhi ya kijiji, jambo hilo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mtu yeyote hajasaini.

Mkulima wa Kibaigwa
Shikamoo mama. Anasema ananunua mbegu tu, ila rasimu haitaji bei ya chini wala nani atalipia usafirishaji.

Fundi Injini
Basi msisaini rasimu hiyo. Mwambieni mtaanza na mbono kwenye mipaka ya mashamba, kama uzio, na alizeti ibaki ndani. Akikataa, mtajua alichokuwa anakitaka.